The Magic Circle ya London: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Chama cha Wanamazingaombwe

Kila nikitaja chama hiki, iwe kwenye daladala au mezani kwa chai, naulizwa maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa, kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale ambayo watu huyauliza kwa sauti ya chini. Nimeyapa namba ili nisirudie maneno: nikisema "soma swali la 8", jibu kamili liko huko.

## Mambo ya msingi

1. The Magic Circle ni nini?

Ni chama cha wanamazingaombwe chenye makao yake London, Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1905. Jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema Duara la Mazingaombwe. Kina wanachama wapatao 1,700 waliotawanyika katika nchi mbalimbali. Baadhi yao wanaishi kwa kazi hiyo, na wengine wana kazi zao nyingine, mazingaombwe wanayafanya kwa mapenzi tu.

Si chama kikongwe kuliko vyote. Wamarekani walitangulia: Society of American Magicians ilianzishwa New York tarehe 10 Mei 1902, kwenye chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya mazingaombwe la Martinka. Lakini ukimuuliza mtu asiyejua lolote kuhusu sanaa hii ataje chama kimoja tu, huenda akakitaja hiki cha London. Sababu ni mbili, mtihani wa kuingia na ulinzi wa siri, na zote mbili nimezieleza mbele.

2. Je, hawa ni wachawi?

Hapana. Hili ndilo swali la kwanza kila mara, na silidharau hata kidogo.

Kwetu neno "uchawi" lina uzito wa damu. Kuna vikongwe waliouawa Usukumani kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu ule ni wa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Kwa hiyo mtu akiuliza kama kundi la Wazungu wanaofanya "maajabu" gizani ni wachawi, anastahili jibu lililonyooka.

Mchawi, kwa imani ya wanaoamini, ana nguvu zisizo za kawaida na huzitumia kwa siri kudhuru. Mwanamazingaombwe hana nguvu zozote. Ana vidole vilivyofanya mazoezi maelfu ya saa, ana vifaa vilivyotengenezwa kwa ustadi, na anajua macho ya binadamu huenda wapi na huchelewa wapi. Waswahili waliliona hili zamani, ndiyo maana tuna neno "kiinimacho". Kinachochezewa ni jicho.

Na kuna makubaliano. Ukikata tiketi ya mazingaombwe unajua unakwenda kudanganywa, na anayekudanganya anajua kwamba unajua. Nikiwa shule ya msingi alikuja bwana mmoja na sanduku la bati. Madirisha ya darasa yakafungwa, tukabanana watoto wa madarasa matatu kwenye madawati, akachana gazeti vipande vipande, akavikunja kiganjani, akafungua: noti. Mtoto aliyeketi mbele yangu akamuuliza, "Sasa mjomba, mbona umetutoza kiingilio?" Yule bwana akacheka, akamwambia, "Kwa sababu haya ni mazingaombwe, mwanangu. Pesa za kweli mnazo nyinyi." Sijawahi kusikia maelezo bora zaidi ya tofauti hii.

3. Kilianzaje, na nani alikianzisha?

Julai 1905, wanamazingaombwe 23 walikutana katika mgahawa wa Pinoli's, mtaa wa Wardour, Soho, London. Walikuwepo wa kulipwa na wa ridhaa. Mwenyekiti wa mkutano alikuwa Servais Le Roy, mwanamazingaombwe mwenye asili ya Ubelgiji. (Kwa msomaji wa Tanzania, Julai hiyo ndiyo pamba iling'olewa Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Mambo haya mawili hayahusiani. Naitaja tu ili uone ni zamani kiasi gani.)

Jina lilipatikana kwa namna inayonigusa. Kijana mmoja hodari wa kundi lile, Martin Chapender, alikuwa ameshafariki akiwa na umri wa miaka 25. Wenzake walitaka chama kiitwe kwa jina lake. Mwishowe wakachagua Magic Circle, lenye herufi za mwanzo zilezile, M na C. Kwa hiyo kila linapotajwa jina hilo, kijana yule yumo ndani yake.

Mikutano ya mwanzo ilifanyika kwenye baa iitwayo Green Man, hukohuko Soho, kisha wakahamia chumba cha St George's Hall, Langham Place, ukumbi wa maonyesho wa akina Maskelyne na David Devant. Devant ndiye aliyekuwa rais wa kwanza, na wengi walimhesabu kuwa bora kuliko wote Uingereza wakati ule. Mwaka 1906 likaanzishwa jarida la chama, The Magic Circular, mhariri wake akiwa Nevil Maskelyne. Jarida hilo lipo hadi leo.

4. Makao yake yako wapi, na mtu wa kawaida anaweza kuingia?

Yako namba 12, Stephenson Way, kichochoro kilicho nyuma ya kituo cha treni cha Euston. Walihamia hapo mwaka 1998 baada ya kuhangaika kwenye kumbi za kukodi kwa miongo mingi. Ndani kuna ukumbi mdogo wa maonyesho, maktaba, makumbusho na ngazi ya kuzunguka inayopendwa sana na wapiga picha.

Mtu wa kawaida anaingia siku za maonyesho ya wazi, kwa tiketi. Maktaba na mikutano ya Jumatatu jioni ni ya wanachama.

5. Kazi yake hasa ni nini? Kukaa na siri tu?

Ingekuwa hivyo tu, kisingedumu miaka mia na ushee. Siri moja inatunzwa na mtu mmoja, haihitaji jengo.

Kazi ya kwanza ni kufundishana. Mwanachama anaonyesha mchezo mpya mbele ya wenzake, nao wanamwambia bila kumbembeleza wapi mkono wake umeonekana. Ya pili ni kutunza kumbukumbu: vitabu, mabango, vifaa vya marehemu, majarida. Ya tatu ni kupima, yaani mtihani (soma swali la 10). Ya nne ni kulea vijana. Tangu 1996 kuna klabu ya watoto na vijana chini ya miaka 18. Kwangu mimi hii ya nne ndiyo inayokibakiza chama hai.

## Siri

6. Kaulimbiu yao inamaanisha nini?

Ni ya Kilatini: *Indocilis Privata Loqui*. Kwa Kiswahili ni kama kusema "asiyezoea kutoa ya ndani". Maneno hayo yametoka kwa mshairi wa Kirumi Lucan, katika utenzi wake wa vita vya Kaisari na Pompeius. Kaisari amejifanya mtu wa kawaida usiku, anagonga mlango wa mvuvi maskini, na mshairi anasema jamaa huyu hakuzoea kuzungumza kama raia wa kawaida. Wanamazingaombwe waliyachukua maneno yaleyale wakayageuza maana ili yahusu siri.

7. Mwanachama akifichua siri, anashtakiwa mahakamani?

Hapana. Kufichua mbinu ya mazingaombwe si kosa la jinai. Adhabu kubwa ya chama ni kukufuta uanachama, basi.

Hata sheria ya hakimiliki hailindi mbinu yenyewe. Mwaka 2014 mahakama ya shirikisho huko Nevada, Marekani, iliamua kesi iliyofunguliwa na mwanamazingaombwe Teller, ambaye kwenye mchezo wake uitwao Shadows hukata kivuli cha ua kwa kisu, na ua la kweli likapukutika. Mwingine alikuwa ameuiga na kutangaza kuuza siri yake. Teller alishinda, lakini kwa sababu alikuwa ameusajili mchezo ule tangu 1983 kama igizo la vitendo, lenye mpangilio wake wa jukwaani. Kilicholindwa ni igizo. Ile siri ya jinsi ua linavyopukutika haikulindwa na sheria hiyo.

Ndiyo maana heshima ya wenzako ina nguvu kuliko hakimu kwenye fani hii. Ukivujisha, hakuna atakayekufundisha tena.

8. Kuna waliowahi kufukuzwa?

Wapo. Wa kushangaza kuliko wote ni David Devant mwenyewe, rais wa kwanza. Miaka ya 1930, akiwa mzee, mgonjwa wa kupooza, asiyeweza tena kupanda jukwaani, alichapisha jaridani maelezo ya michezo aliyoibuni yeye. Chama kikamfukuza. Baadaye kikamrudisha kwa heshima kama mwanachama wa maisha, naye akafariki mwaka 1941.

Nimeifikiria habari hii mara nyingi, na sikubaliani na chama. Siri aliyoibuni mtu kwa akili yake ni yake. Kumfukuza mzee ambaye mikono imeshamsaliti, kwa kosa la kuandika alichokuwa akikifanya kwa mikono hiyo, ni kushika kanuni na kumwacha mtu. Vizuri kwamba walijirudi kabla hajafa.

Mwingine ni John Lenahan, Mmarekani anayeishi Uingereza, aliyefukuzwa miaka ya 1990 baada ya kuonyesha kwenye televisheni jinsi mchezo wa karata tatu unavyowaibia watu. Kwetu mchezo huo una jina, na tuna maumivu nao. Soma swali la 17.

9. Siku hizi siri zote ziko kwenye video mtandaoni. Chama kina faida gani?

Ni kweli, ukitaka kujua karata inafichwaje kiganjani utajua kabla chai haijapoa. Kujua na kuweza ni mambo mawili. Mimi najua jinsi pweza anavyopikwa akalainika. Mama yangu ndiye anayempika akalainika.

Hata zamani vitabu vilikuwepo. Nevil Maskelyne na Devant waliandika pamoja kitabu kinene, Our Magic, kilichochapishwa 1911, na ndani yake wameweka wazi mengi. Msimamo ambao wengi wa fani hii wanaufuata ni kwamba anayeitafuta siri ili ajifunze apewe njia, na asiyeitafuta asimwagiwe bure. Kinachokataliwa ni kumharibia mtazamaji aliyekuja kustaajabu.

## Kujiunga

10. Mtu anajiungaje, na mtihani ukoje?

Sharti uwe na miaka 18 au zaidi, na ujulikane na wanachama wawili watakaokudhamini. Unahojiwa. Kisha unafanya mtihani: ama unaonyesha mazingaombwe mbele ya watahini, ama unaandika tasnifu kuhusu jambo fulani la sanaa hii, historia yake au nadharia yake. Njia ya pili imewaingiza watafiti na wakusanyaji ambao mikono yao si myepesi lakini wanajua mengi.

Ukishaingia kuna ngazi za juu. Ipo Inner Magic Circle, duara la ndani, ambalo unaingia kwa mtihani mgumu zaidi au kwa mchango wako. Wa juu kabisa ni wenye nyota ya dhahabu. Hao huitwa na rais wa chama mwenyewe, wala hawazidi 300 kwa wakati mmoja.

11. Ni kweli Mfalme Charles ni mwanachama?

Kweli. Tarehe 28 Oktoba 1975, akiwa bado mwanamfalme, alifanya mtihani kwa mchezo wa vikombe na vipira. Ni katika michezo mikongwe kuliko yote: vikombe vitatu vimefunikwa mezani, vipira vidogo vinapotea chini ya kimoja na kuonekana chini ya kingine, na mwishoni kinatokea kitu ambacho hukutegemea kiwepo pale kabisa. Vikombe alivyotumia vimehifadhiwa kwenye makumbusho ya chama.

Watu husema alipitishwa kwa sababu ya ukoo. Sikuwepo chumbani, siwezi kuapa. Ila vikombe na vipira si mchezo wa kujifichia. Hakuna sanduku wala kioo, ni mikono yako na watu wanaokutazama umbali wa hatua mbili. Anayetaka njia ya mkato huchagua kitu kingine.

12. Houdini alikuwa rais wake?

Hapana, ingawa wengi wanaamini hivyo. Harry Houdini, mwanamazingaombwe maarufu wa Marekani, aliongoza Society of American Magicians kuanzia 1917 hadi alipofariki 1926. Huko London aliongoza klabu nyingine, Magicians' Club, iliyoanzishwa 1911.

13. Mimi niko Dar es Salaam (au Nairobi, au Bujumbura). Naweza kujiunga?

Uraia si kikwazo. Kikwazo ni hivyo viwili nilivyotaja swali la 10: wadhamini na mtihani. Mtu aliye mbali na asiyemjua mwanachama yeyote ana mlima mrefu, na nauli ya kwenda London ni mtaji wa duka.

Ushauri wangu kwa kijana anayeanza: usianze na chama, anza na watazamaji. Shule, sherehe za harusi, siku za kuzaliwa, wodi za watoto pale wanaporuhusu. Kuna pia International Brotherhood of Magicians, shirika la Marekani lililoanzishwa 1922, ambalo limejengwa kwa matawi yaitwayo "rings" katika nchi nyingi. Na kama mko watano mtaani kwenu mnaokutana kila Jumamosi, mmeshafanya walichofanya wale 23 wa Pinoli's.

## Wanawake na chama

14. Kwa nini wanawake walizuiwa hadi 1991?

Kwa miaka 86 chama kilikuwa cha wanaume tu. Hoja iliyozoeleka ilikuwa kwamba wanawake hawawezi kutunza siri. Hoja hiyo haina mashiko hata kwa wanaume wenyewe, maana kila mwanamke aliyewahi kukatwa vipande viwili ndani ya sanduku jukwaani alikuwa anaijua siri ya mchezo ule kwa mwili wake mzima, na hakuisema.

15. Kisa cha Sophie Lloyd ni kipi hasa?

Hiki nitakieleza polepole, kwa sababu ndicho kilichotikisa jina la chama kuliko kingine chochote.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na mwanamke mwanamazingaombwe, Jenny Winstanley, aliyekuwa amechoka kufungiwa mlango. Alitaka kujigeuza mwanaume afanye mtihani, lakini aliona umbo na sura yake vingemsaliti. Akampata mwigizaji aliyemzidi wepesi wa kujigeuza, Sophie Lloyd, akamfundisha mazingaombwe. Wote wawili wakamtengeneza kijana mmoja, Raymond Lloyd.

Haikuwa kuvaa suruali na kufunga nywele. Walifanya kazi hiyo karibu miaka miwili: nywele za bandia, vitu vya kujaza mashavu, nguo za ndani za kubadilisha umbo, mwendo, ukaaji, sauti. Shida kubwa ilikuwa mikono. Mikono ya mwanamke ni midogo, na kwenye mazingaombwe macho yote yako kwenye mikono. Kwa hiyo Raymond alifanya michezo yake akiwa na glavu. Anayejua kazi hii ataelewa maana yake. Glavu zinaondoa hisia ya vidole, na vidole ndiyo macho ya mwanamazingaombwe. Mwanamke huyu alifanya mtihani wa wanaume kwa namna ngumu kuliko mwanaume yeyote.

Machi 1991 akafaulu. Baada ya onyesho akaketi na mtahini wakazungumza, na bado hakugundulika.

Oktoba mwaka huohuo chama kikaamua kupokea wanawake. Winstanley na Lloyd wakaona sasa wakati umefika, wakafichua ukweli. Chama kikamfukuza Raymond, yaani Sophie, kwa kosa la kudanganya kwa makusudi. Siku zile mlango ulifunguliwa kwa wanawake wote, akafungiwa yule aliyeonyesha kwamba mlango ulikuwa na kasoro.

16. Walimrudisha? Na hali ya wanawake ikoje leo?

Walimrudisha, baada ya zaidi ya miaka 30. Chama kilitangaza hadharani kwamba kinamtafuta, akapatikana anaishi Hispania, na Aprili 2025 akaja London kupokea cheti chake na kuombwa radhi. Winstanley hakuiona siku hiyo. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 2004. Lloyd alisema wazi kwamba heshima ile ni ya mwalimu wake pia.

Uongozi nao umebadilika. Megan Swann alikuwa rais wa kwanza mwanamke mwaka 2021, akiwa bado chini ya miaka 30. Laura London ndiye mwenyekiti aliyesimamia kumtafuta Sophie Lloyd. Lakini wanawake ni kama asilimia 5 tu ya wanachama. Mlango uko wazi, njia ya kuufikia bado ina miiba, na mtu asiwaambie wasichana kwamba kazi imekwisha.

Wapo wanaoniuliza kama chama cha wadanganyifu kina haki ya kumfukuza mtu kwa kudanganya. Nadhani kanuni waliyoitaka ni nzuri: jukwaani tudanganye, sisi kwa sisi tusidanganyane. Kosa lao ni kwamba wao ndio waliokuwa wameanza kuwanyima wenzao haki.

## Maswali magumu

17. Pata potea ni mazingaombwe?

Mbinu ni ileile, makubaliano hayapo. Kwa asiyeijua: mtu anakunjua kibao stendi, anaweka karata tatu, anazigeuzageuza, anakuambia onyesha yenye rangi ukipata nakulipa mara mbili. Jamaa mmoja anashinda mbele yako. Mwingine anashinda. Unaweka wewe, unapoteza.

Niliwahi kupoteza nauli yangu yote ya kurudi nyumbani hivyo, nikiwa kidato cha pili. Nakumbuka karata ilivyokuwa imekunjwa kidogo pembeni, na mimi nikijiona mjanja kuona mkunjo ule. Mkunjo uliwekwa kwa ajili yangu. Wale walioshinda mbele yangu walikuwa wenzake, na nilipotazama tena wote walikuwa wameshatoweka, hata kibao.

Hapo ndipo ninapomtetea Lenahan (swali la 8). Siri inayomlinda mwizi si siri ya sanaa, na aliyeitoa kwenye televisheni aliwaokoa watu nauli zao.

18. Chama kimewahi kuwaumbua matapeli wanaodai nguvu za kweli?

Ndiyo, na hapa ndipo sifa yake ninapoipenda zaidi. Hata kabla ya chama kuwepo, mwaka 1865 mjini Cheltenham, kijana mtengeneza saa John Nevil Maskelyne (baba wa yule Nevil wa swali la 3) aliwatazama ndugu Davenport wa Marekani, waliodai kwamba mizimu inapiga ala za muziki wakiwa wamefungwa kamba ndani ya kabati. Aligundua mbinu yao, akairudia mwenyewe hadharani bila mzimu wowote. Ukoo wake ndio uliosaidia kukilea chama.

Mwaka 1914 chama kiliunda kamati ya kuchunguza madai ya nguvu za ajabu, Occult Committee. Kazi yake iliyojulikana zaidi ilihusu kamba ya Kihindi: fundi anarusha kamba hewani, inasimama wima, mtoto anaipanda na kutoweka juu. Mwaka 1934 kamati ilitoa ahadi ya gini 500 (fedha ya Kiingereza ya zamani) kwa yeyote atakayeufanya mchezo huo mbele yao, uwanjani, mchana. Hakuna aliyezichukua.

Sababu ilijulikana kwa wachache. Habari iliyoueneza mchezo huo duniani ilichapishwa na gazeti la Chicago Daily Tribune Agosti 1890, na miezi michache baadaye gazeti lenyewe likakiri kwamba iliandikwa kwa kubuni. Kukiri hakukusambaa. Watu waliendelea kuapa kwamba wameiona.

19. Mazingaombwe yamewahi kutumiwa kuwatisha Waafrika?

Yamewahi. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Jean-Eugène Robert-Houdin, mwanamazingaombwe maarufu wa Paris, aende Algeria kuonyesha kwamba "uchawi" wa Wafaransa unawazidi viongozi wa dini wa huko waliokuwa wakihimiza upinzani. Alikuwa na kisanduku ambacho mtoto aliweza kukiinua, kisha mwanaume mwenye nguvu anakishika, hakitoki sakafuni. Chini ya sakafu kulikuwa na sumaku ya umeme. Halafu umeme ukapitishwa kwenye mpini, yule bwana akaanguka akipiga kelele. Robert-Houdin mwenyewe aliandika kisa hiki kwa fahari.

The Magic Circle haikuwepo wakati huo, wala haibebi dhambi ile. Lakini nakitaja kwa sababu fani nzima inamheshimu Robert-Houdin kama baba yake, na ni haki msomaji wa Afrika ajue baba huyo alifanya nini barani kwetu. Makubaliano niliyoyaeleza swali la 2 yalivunjwa pale. Watazamaji wale hawakuambiwa kwamba ni mchezo.

20. Dini inaruhusu mazingaombwe?

Mimi si shehe wala mchungaji, na kwenye jambo hili waulize wenye elimu yao. Ninachojua ni kwamba kisa cha fimbo za wachawi wa Firauni mbele ya Nabii Musa kimo katika Kurani na katika Biblia, na Kurani inasema macho ya watu yalizugwa. Kwa hiyo tahadhari ya wazazi ina mizizi. Nawafahamu Waislamu na Wakristo wanaokataa kabisa, na wengine wanaokubali kwa sharti kwamba mchezaji aseme wazi kuwa ni mchezo wa mikono. Sharti hilo nami nalishika: kila ninapoonyesha chochote mbele ya watoto, naanza kwa kusema sina nguvu zozote.

21. Mwanamazingaombwe akifariki, hufanyiwa nini?

Kuna desturi ya kuvunja kifimbo. Ilianzia kwa wale wa Society of American Magicians, New York, Novemba 1926, kwenye maziko ya Houdini, na tangu hapo imeenea hadi kwa vyama vingine. Baada ya ibada ya dini ya marehemu, mwenzake mmoja anasimama mbele ya jeneza, anasema maneno machache, anakishika kifimbo kwa mikono miwili, anakivunja katikati. Ni kijiti chembamba cha mti. Kwenye chumba kilichonyamaza, mlio wake unasikika hadi mlangoni.